Bukta ya Mlekwa na Mbuzi Watatu

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, maana simu zilikuwa zimeshafika na watu walikuwa wameshajifunza kwenda likizo, kulikuwa na mwanamke aitwaye Nyanzala. Alikaa bara, nchi ya karanga na vumbi, safari ya siku mbili mpaka baharini. Alikuwa na mume, alikuwa na mama, na alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mumewe, Mlekwa, alikuwa fundi cherehani. Mama yake, Bi Kalunde, alikuwa mkunga wa kusifika. Mtoto wa kwanza Nyanzala alimpoteza mikononi mwa wageni, mama yake akiwa safarini, na uchungu ule haukumtoka moyoni. Akaapa kwamba huyu wa pili atapokelewa na mikono ya Bi Kalunde, si mingine.

Basi Mlekwa akaona kwenye simu watu wakipanda mawimbi kwa ubao katika ufuo wa Kiwimbi. Akashikwa! Akawa anasimama juu ya meza ya kukatia nguo, mikono kaitanua, magoti kayakunja, wateja wakisubiri suruali zao. "Mke wangu," akasema, "kabla mtoto hajaja, twende likizo. Nikapande wimbi, hata moja." Bi Kalunde akasikia, naye akasema, "Nimezalisha nusu ya wilaya hii na bahari sijaiona. Mnaniacha mimi kwani ni gunia?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Katika ukoo ule mkwe haonani na mkwe vivi hivi. Mama mkwe akipita, mwanamume hujibanza kando ya njia. Hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, na kumwona mwenzako bila nguo ni balaa tupu. Sasa semeni wenyewe, ufuoni watu huvaa nini?

Nyanzala hakutishika. Alikuwa mtu wa mipango. Hata siku ya harusi yake alitenga dakika za kulia. Akanunua daftari, akachora mistari kwa rula. Asubuhi mpaka saa tano, ufuo wa Mlekwa, Mama chumbani. Saa tano mpaka saa saba, ufuo mtupu. Saa saba mpaka magharibi, ufuo wa Mama, Mlekwa chumbani. Siku saba, ratiba ile ile. Kisha akampigia simu Bi Machano, mwenye nyumba ya wageni kule Kiwimbi, akamsomea yote neno kwa neno.

Bi Machano akasikiliza. "Mwanangu," akasema, "bahari haina saa. Leo maji yajaa asubuhi, kesho yachelewa, keshokutwa yachelewa tena. Na maji yasipojaa, hapa hapana wimbi la kupanda."

"Ahsante, bibi," akajibu Nyanzala, "lakini nimeshaandika kwa kalamu ya wino."

Mlekwa naye akajishonea bukta. Kitambaa cha pazia, maua mekundu. Lastiki hakutia, alisema lastiki ni za watoto; akapitisha utepe tu, akafunga kifundo. Na huyo ndiye fundi aliyewavalisha mabwana harusi wa mji mzima!

Wakaenda. Siku ya kwanza maji yakajaa saa tatu, Mlekwa akapanda ubao, akaanguka. Siku ya pili yakajaa karibu na saa nne, akapanda, akaanguka. Siku ya tatu akapiga goti moja, akaanguka kwa heshima. Siku ya nne mawimbi mazuri yalifika muda wake umekwisha, akaondoka anageukageuka nyuma. Siku ya tano akangoja asubuhi nzima juu ya ubao, maji hata magoti hayafiki. Siku ya sita akachungulia dirishani saa saba mchana, akayaona mawimbi yamesimama safi, na mchangani yuko mama mkwe.

"Nitapita mbali," akajiambia. "Hataniona." Mwanamume mwenye maua mekundu kiunoni!

Wimbi la kwanza likamwinua. Akasimama! Akasimama kweli, akapiga kelele za furaha. Wimbi la pili likamchukua yeye, ubao na bukta, kila kimoja na njia yake. Akazama, akaibuka, akazama. Bi Kalunde alikuwa ameloweka miguu. Hakuuliza huyu ni nani wala mtoto wa nani. Akaingia na gauni lake mpaka kifuani, akavua khanga ya begani, akamrushia ncha, akamvuta kwa nguvu zile zile anazozalishia. Walipofika mchangani ndipo akamtazama usoni. Mkwe!

Mlekwa akajifunga ile khanga. Iliandikwa: NILIYOYAONA YANATOSHA.

Bi Kalunde akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Na jioni ile, kabla chakula hakijapakuliwa, alikuwa ameshampigia simu dada yake, na dada huyo hana kifua.

Waliporudi, habari ilikuwa imewatangulia. Mjomba Kapaya, mshika mila wa ukoo, akawaita. "Mkwe kamwona mkwe," akasema. "Wawili hawa wasikanyage ua mmoja, hata kwa zamu, mpaka achinjwe mbuzi. Na mbuzi atoke kwa mwenye kosa. Asiyetoka kwa mwenye kosa ni kitoweo tu, na balaa litabaki palepale."

Kila mmoja wa wale watatu akatafuta mbuzi, asije akaitwa bahili. Kila mmoja akamfunga kamba. Na hakuna aliyemfungua, maana kumfungua ni kukiri.

Mlekwa akasema, "Mimi nilikuwa nakufa, na anayekufa hana kosa. Ratiba ingefuata maji, ningemaliza kuanguka kwangu asubuhi. Mbuzi atoe aliyeandika. Wangu atabaki kambani."

Bi Kalunde akasema, "Nilikuwa kwenye saa yangu, kwenye mchanga wangu. Mlitaka nifumbe macho? Ningefumba, ningeshika nini? Nikitoa mbuzi nimekiri kwamba nilikwenda kumchungulia mkwe. Nani ataniita tena kuzalisha? Wangu atabaki kambani."

Mlekwa akamtuma mkewe, tumbo lile, avuke njia mpaka nyumbani kwa mama yake akajibu: "Mwambie Mama, jicho nimelisamehe. Jicho halikumwita mbuzi, mdomo ndio uliomwita. Angenyamaza, nani angejua?" Bi Kalunde akamrudisha: "Mwambie mumeo, roho niliyomrudishia ndiyo anayonitukania." Nyanzala akawa anakwenda na kurudi, miguu imevimba, amebeba matusi ya watu wawili anaowapenda.

Naye akasema, "Niliandika saa saba ni ya Mama. Nani kati yenu hajui kusoma? Na bukta isiyo na lastiki niliishona mimi?" Lakini peke yake alilia, maana maneno ya Bi Machano aliyakumbuka. Angemtoa mbuzi wake siku hiyo hiyo, yaishe. Ila kama kosa si lake, mbuzi ni kitoweo tu, na mtoto atazaliwa katika balaa. Mmoja alikuwa ameshamzika.

Wiki zikapita, mbuzi wakanenepa. Jumanne moja mchana uchungu ukamshika Nyanzala. Bi Kalunde akaja mbio na mkoba wake, akafika langoni, akainua mguu, akaurudisha.

"Mama!" akalia Nyanzala.

"Nipo, mwanangu."

"Ingia!"

"Mbuzi kwanza."

Mlekwa kasimama mlangoni, jasho linamtoka. Mjomba Kapaya kakaa njiani, kisu mkononi, anawatazama mmoja mmoja. Mbuzi watatu wanalia, kila mmoja na kamba yake, na ndani mwanamke anazidi kuita.

Nyinyi mnaocheka, semeni upesi, maana mtoto yuko njiani: mwenye kosa ni nani? Je, mbuzi wa nani afunguliwe?