Kichwa cha Tembo wa Magunia

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale kwao, maana mwisho wa kisa hiki mtaulizwa, na anayekoroma hana jibu.

Palikuwa na kikundi cha maigizo huko kusini kwenye mikorosho, na sifa yake ilikuwa tembo. Si wa porini, wa magunia. Ndani yake watu wawili, wamefungwa mkanda mmoja. Mbele mzee Chilumba, akichungulia kupitia mdomo wa tembo. Nyuma binti mmoja, Somoe, asiyeona kitu ila mgongo wa Chilumba. Ukikaa nyuma ya mtu namna hiyo, unajua hata mchana alikula nini. Lakini Somoe alikuwa akicheka humo mpaka magunia yanatikisika.

Zamani tembo alicheza mchangani; akianguka anapanguswa vumbi, anaendelea. Kisha wakajengewa jukwaa la saruji, kimo cha kifua, halina kizuizi. Siku ya kwanza tu tembo akarudi kinyumenyume, akapitiliza. Somoe aliangukia mkono wake, Chilumba akamwangukia Somoe. Mkono ukakaa kwenye plasta mpaka msimu wa korosho ukaisha.

Mama yake akamwambia, "Ukianguka tena, tembo basi. Sikukuzaa uwe makalio ya mnyama."

Wenzake watatu wakasema ukingo ule utiwe alama.

Lipande alikuwa na macho. Mbuzi wake alimtambua hata katikati ya kundi la jirani, na wa jirani pia akamtambua kuwa ni wake. Akasema, "Juu saruji, mbele saruji, rangi moja. Nani ataona linapoishia?" Akakoroga chokaa, akapaka mstari mweupe ukingoni kote.

Bi Nachuma alikuwa na mikono. Mkeka aliousuka yeye hurithiwa. Akaitazama ile chokaa, akaguna. "Hiyo ni ya wenye kuona. Huyu wa nyuma yumo gizani." Akasuka ukili mnene kama kidole gumba, akaugandisha kwa lami hatua moja kabla ya mstari. "Somoe, mguu ukikanyaga hapa, simama kama umeitwa na mkwe."

Ntila alikuwa na ngoma. Mdomo mzito, mkono mwepesi. "Wa nyuma akisimama, wa mbele ataambiwa na nani?" akauliza. "Nikiona tembo kakanyaga weupe, napiga pigo moja kubwa, halafu kimya. Mjomba Chilumba, kimya hicho ni chako."

Ikafika sikukuu ya mavuno. Watu wamejaa, jua la alasiri linawaka. Mwindaji akaruka jukwaani na mkuki wa muwa, tembo akaanza kurudi nyuma.

"Mjomba, taratibu," alisema Somoe.

Mjomba gani? Vigelegele vilishamlevya.

Kisigino cha Somoe kikagusa ukili. Akakaza miguu. Lakini Chilumba ana mgongo kama gogo. Akamsukuma, akamsukuma, mpaka kisigino kikalala juu ya chokaa. Ntila, aliyekaa chini pembeni, akaona weupe umefunikwa. Du. Kimya. Chilumba akaganda.

Tembo akaketi kitako pale ukingoni, mkia ukaning'inia vichwani mwa watoto, nao wakauvuta. Watu walicheka mpaka kina mama wakalazimika kufunga khanga upya. Humo ndani Somoe alipapasa mikono yake, akaikuta yote mizima, akacheka kuliko wote.

Walipovuliwa magunia, Chilumba akasema, "Magoti yangu yamechoka. Kichwa nakiacha. Atakivaa aliyemwokoa Somoe, na Somoe mwenyewe achague, maana mkanda ni mmoja."

"Bila ukili wangu," alisema Bi Nachuma, "angefika chini kabla ngoma haijasema kitu."

"Bila ngoma yangu," alisema Ntila, "mjomba angemsukuma akaanguke, ukili ukitazama tu."

"Na bila chokaa yangu," alisema Lipande, "ungepiga ngoma umeona nini wewe? Saruji?"

Wote walisema kweli, na hapo ndipo tabu ilipo. Mmoja angekuwa mwongo, kazi ingekuwa nyepesi.

Mama yake Somoe akasimama kutoka nyuma ya watu. "Na mguu uliokazwa ulikuwa wa nani? Bila mguu ule ngoma isingewahi. Kichwa avae mwanangu."

Somoe akawageukia wale watatu. "Haya, nikivaa mimi, nyuma anakaa nani?"

Lipande akaona ndege angani. Bi Nachuma akakumbuka maharage yake jikoni. Ntila akaanza kukaza kamba za ngoma ambazo hazikulegea.

Basi Somoe kasimama na kichwa cha tembo mikononi, mkonga unamgonga goti, watu wote wanamtazama. Mwenye macho, mwenye mikono, mwenye ngoma, au mwenye mguu? Nyie mliosikia, mngempa nani? Na huyo mtakayemtaja, semeni kabisa: mko tayari kufungwa mkanda nyuma yake?