Plagi ya Nne

Mtu mmoja wa Werugha alikuwa na pikapu kuukuu iliyolisha watu wanne. Jina lake Mghendi. Wengine walikuwa mkewe, ndugu yake Nyambu, na Mkawasi, mjane wa ndugu yao aliyefariki. Hao watatu walilima kabichi kwenye matuta ya mlimani, wakazikata, wakazipakia. Mghendi alikaa mbele, kwenye usukani. Kazi yake, alisema, ni kusimamia. Management. Hata kofia ya kazi hiyo alikuwa nayo.

Pikapu ilikuwa na kasoro mbili. Ikiwashwa tu, injini ililia tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sahani tupu. Na ikipanda mlima ilikuwa inamisi: inashtuka, inakatika pumzi, inataka kuzima. Mghendi aliziona kasoro hizo mbili kuwa moja. Kinachopiga kelele, alisema, ndicho kibovu.

Nyumbani nako alipima vivyo hivyo. Mkawasi alikuwa na mdomo. Aliuliza kwa nini pikapu inaondoka jua likishanyausha kabichi. Aliuliza kwa nini kila zamu ya Mghendi ya kuzibua mfereji wa maji ya shamba inamwangukia yeye mjane. Aliuliza mbele ya wageni. Wenzake walitazama sahani zao, kama ninyi mnaonisikiliza mnavyotazama viatu vyenu sasa hivi. Basi Mghendi akaamua: shemeji arudishwe kwao Bura, shamba la marehemu libaki kwa wenye adabu. Full stop.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, akaamuru kitanda, godoro na sufuria za Mkawasi zipakiwe. Nyambu akapakia bila kuinua kichwa. Mkawasi akapanda nyuma, akaketi juu ya godoro lake. Hakulia.

Hawakufika Bura. Karibu na Mwatate pikapu ilikohoa, ikashtuka, ikagoma mbele ya gereji ya mabati. Mghendi akamwambia fundi amzimie ule mlio tu, ana safari. Fundi akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu. Akauliza mdosi huwa anaangalia nini akikaa huko mbele. Kisha akaeleza kwamba tik-tik ile ni tapeti, kile chuma kinachosukuma valvu, ya silinda ya tatu, inalia kwa sababu imenyimwa oili. Kelele ni kelele, akasema, lakini sasa tutafute inayomisi.

Akaongeza oili, akawasha injini, akaanza kuchomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, akiurudisha kabla ya kugusa mwingine. Wa kwanza: injini ikayumba. Wa pili: ikayumba. Wa tatu, wa ile silinda ya kelele: injini ikatetemeka yote, nusura izime. Kumbe iliyokuwa ikilalamika ilikuwa ikivuta. Wa nne ulikwenda kwenye silinda ambayo haijawahi kumsumbua mtu kwa sauti. Fundi akauchomoa, akauweka kando. Hakuna kilichobadilika. Injini haikujua kuwa kuna aliyeondoka.

"Hii ilikufa kitambo, mzee," fundi akasema. "Wenzake ndio wanaibeba."

Mghendi alisimama pale, na bila kutumwa na mtu akaanza kuchomoa watu wake moyoni. Akamchomoa Nyambu: kabichi zikaoza shambani. Akamchomoa mkewe: jiko likazima. Mkawasi alikuwa ameshamchomoa kwa mikono yake, na akakumbuka kwamba asubuhi ile, mjane akifunga vyombo vyake, matuta yalikuwa makavu, hakuna maji yaliyofika. Kisha akajichomoa mwenyewe. Akakumbuka msimu aliokaa Taveta kwa rafiki zake, akala, akanenepa. Aliporudi alikuta kabichi zimepandwa, zimekatwa, zimeuzwa Voi, Nyambu akishika usukani. Wakati ule alijisifu kwamba amewafunza vizuri.

Masikio yakamwaka moto. Aliogopa kugeuka, maana alijua ni nani anayemtazama kutoka juu ya godoro. Mkawasi, mwenye mdomo, siku hiyo hakusema neno. Afadhali angesema.

Fundi akarekebisha tapeti. Akafungua plagi ya nne, imejaa masizi, akaisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Hakuitupa. Pikapu ikageuzwa kurudi Werugha, ikapanda mlima bila kushtuka.

Majirani walikuwa bado nje. Wale wale walioona kitanda kikitoka. Mghendi akavua kofia, akajitwika godoro la shemeji yake, akapita katikati yao ameinamisha uso. Miaka yote ile, huo ndio ulikuwa mzigo wake wa kwanza kuushusha kutoka nyuma ya pikapu.

Nanyi mliokaa viti vya mbele, mnaowaambia wanaolia wanyamaze: mkichomolewa leo, injini itayumba?