Ukoo Usiopewa Shamba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za kinyonge? Wakubwa nao waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Mmesikia kanisani habari za makabila ya Israeli. Yuda kapewa nchi yake, Zabuloni yake, Dani yake. Walawi je? Walawi hawakugawiwa nchi. Kazi yao ilikuwa hema la Mungu, na ndugu zao ndio waliowalisha. Basi hata wanyama walikuwa na Walawi wao. Sikilizeni.

Zamani hizo, kale ya kale, wanyama walitoka nchi ya ukame. Wakatembea, wakatembea, wakafika kwenye bonde lenye mto. Mama Tembo aliyewaongoza alikuwa hoi, anakufa. Akawaita.

"Nyati, linda mipaka. Chukua majani ya mashariki. Nyani, tunza matunda. Chukua miti ya magharibi. Ngiri, chimba mizizi. Chukua ardhi ya kando ya mto."

Hondohondo, yule ndege mkubwa mweusi anayetembea chini, akauliza, "Na mimi, mama?"

"Wewe una masikio. Kaa kilimani, usikilize mto. Ukisikia maji yanashuka, waite wenzako. Shamba sikupi. Nikikupa shamba, utasikiliza shamba lako."

"Nitakula nini?"

"Kila ukoo utakuwekea fungu mlangoni, kila mavuno. Mmesikia nyote?"

"Tumesikia, mama!"

Mama Tembo akafumba macho. Wakamlilia siku saba.

Mwaka ule mafungu yalikuja, tena ya kujaa. Hondohondo akakaa kilimani na kinda lake. Kinda moja tu, Mungu hakumjalia jingine. Akamwita Pekee. Siku moja akasikia mbali, guu-guu-guu. Akaita:

"Hu-hu-huu! Pandeni juu! Hu-hu-huu! Pandeni juu!"

Wakapanda wote. Maji yakapita, vuuu! Hakufa hata panya.

Mwaka wa pili mto haukufurika. Mafungu yakapungua. Mwaka wa tatu haukufurika. Yakapungua tena. Mwaka wa nne Nyani akaleta maganda. Maganda ya ndizi! Nyani huyu ananiudhi mpaka leo.

"Ndugu yangu, hili ndilo fungu?" Hondohondo akauliza.

"Kwani umefanya kazi gani? Umesimama tu."

Akaenda kwa Nyati. "Nitaleta kesho," akasema Nyati. Kesho yake haikufika.

Akaenda kwa Mama Ngiri. "Dada, mimi nina watoto sita. Wewe unaye mmoja."

Pekee akakonda, mbavu zikaonekana. "Mama, njaa." Subiri, mwanangu. "Mama, njaa." Subiri, mwanangu. Siku ya tatu Pekee hakusema kitu. Mama mtu akaogopa.

Akashuka bondeni. "Ndugu zangu, nipeni shamba."

Kuna aliyekumbuka maneno ya Mama Tembo? Walikumbuka wote. Wakanyamaza. Nyani akapiga makofi, "Si ungesema mapema!" Wakampimia kipande kando ya Ngiri, pale mto unapopinda. Walifurahi sana siku ile, wametua mzigo.

Hondohondo akalima. Akapanda kunde. Pekee akala, akashiba, akaanza kucheza na watoto wa Ngiri. Mkimlaumu mama huyu mimi nitagombana nanyi. Mngefanya nini?

Ikafika siku ya mavuno. Jua kali, bondeni hakuna wingu. Lakini milima ya mbali ilikuwa imenyeshewa. Hondohondo anachuma kunde, chaka-chaka, chaka-chaka. Akasikia kitu. Guu... Akainua kichwa. Ah, labda ni maganda makavu. "Nimalize mstari huu." Akamaliza. Guu-guu... "Nimalize na huu." Akamaliza. Alipoinua kichwa mara ya tatu hakuhitaji masikio. Maji aliyaona.

"Hu-hu-huu! Pandeni ju..."

Vuuu!

Nyati walikimbia, wana miguu. Nyani walikuwa mitini. Watoto wa Ngiri walikuwa shimoni mwao wanacheza, na Pekee alikuwa humo pamoja nao. Mabawa yake yalidumaa kwa njaa ile, hayajakomaa. Hakutoka hata mmoja.

Maji yalipopungua, Hondohondo akarudi kilimani peke yake. Nao wakaja. Nyati alileta kapu la panzi. Nyani alileta ndizi mbivu, amezimenya kabisa. Mama Ngiri alileta mizizi, na macho yake yamevimba. Wakaweka vyote mlangoni.

"Dada, kula," akasema Mama Ngiri.

"Nile na nani?"

Mama Ngiri akaketi chini kando yake. Wakalia pamoja, wale mama wawili. Nyani alisimama kando ya ndizi zake. Hakuna aliyekula. Chakula kikaozea pale pale.

Watoto, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: anayewafanyia kazi wote, alishwe na wote, hata mwaka ambao kazi yake haionekani. Mkimwacha ajitafutie, siku mkimhitaji atakuwa shambani kwake, na kosa litakuwa lenu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kama imewaliza, hata mimi imeniliza.