Kwa Nini Nyumbu Huguna Kabla ya Kuvuka Mto

Enzi hizo, wajukuu, Mamba alikula samaki akashiba, na nyumbu walivuka Mto Rubai kama mtu anavyovuka ua wa nyumba yake. Nyasi zikikauka upande huu, walishuka, wakalowa magoti, wakapanda upande wa pili. Masika maji yakijaa walisubiri yapungue, wala hakuna aliyelalamika.

Aliyelalamika ni Tembo, mwenyekiti wa Baraza la Bonde. Mto wenyewe haukumfika hata tumboni, lakini alisikia bonde la jirani lina daraja, akakosa usingizi. Baraza halikuwa na gogo hata moja. Mwenye magogo alikuwa Mamba, kwa sababu kila mti uliong'olewa na mafuriko ulinasa bwawani kwake. Basi Baraza likaenda kukopa kwa Mamba.

Siku ya kupitisha mkopo wanyama waliitwa kwenye udongo mbichi wa ukingoni. Desturi ya bonde ilikuwa hiyo: anayekubali hukanyaga udongo, akaacha alama ya mguu wake. Twiga, katibu wa Baraza, alitangaza kwa sauti tamu kwamba atakayevuka ndiye atakayelipa.

Ghati, nyumbu jike mwenye ndama wake wa kwanza ubavuni, hakuelewa.

"Mzee mwenyekiti, tutalipa nini? Mamba hali nyasi."

Wajumbe wakacheka. "Mama, hayo tuachie sisi," Tembo akasema. "Wewe unataka daraja au hutaki?"

Alikuwa bado anatafuta jibu wakati nyumbu wa mbele alipokanyaga udongo. Na nyumbu mnawajua: wa mbele akiweka mguu, wa nyuma naye huweka palepale, haulizi. Kundi zima likapita, likamsukuma na Ghati, kwato zake zikazama udongoni.

Daraja likajengwa, kama lile ni daraja! Magogo magumu ya mninga yaliishia kwenye banda jipya la Baraza. Mtoni wakalaza mikuyu iliyooza. Siku ya uzinduzi Tembo alivishwa maua, akahutubia mpaka watoto wakasinzia, kisha akarudi zake nyumbani bila kukanyaga gogo hata moja. Masika ya kwanza yalilibeba daraja lote.

Kiangazi kilipofika, nyumbu wakaingia majini kwa miguu kama zamani. Mamba alikuwa akiwangoja katikati. Alimchukua ndama wa Ghati mbele ya macho ya mama yake, taratibu, kama mtu anayepokea haki yake.

Ghati alifika barazani akichuruzika maji.

"Daraja liko wapi?" aliuliza. "Mwanangu amelipia daraja lipi?"

Twiga akamwonyesha ule udongo, uliobebwa kutoka ukingoni kabla ya masika ukatunzwa barazani, sasa umekauka ukawa mgumu. "Kwato hizi si zako, mama?"

Zilikuwa zake. Ghati akainama, akautazama udongo wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliona kwato za nyumbu, za pundamilia, za swala. Mguu wa Tembo haukuwemo. Wa Twiga haukuwemo.

"Na alama zenu ziko wapi?"

"Sisi ni wasimamizi," Tembo akajibu. "Deni ni la wananchi."

Ghati aligeuka. Alirudi mtoni, akasimama mbele ya kundi, akakataa kuweka mguu majini. Akaguna. Waliokuwa nyuma yake wakasimama, nao wakaguna, mpaka ukingo wote ukatetemeka.

Na tangu siku hiyo, nyumbu wakifika mtoni husimama, wakasukumana, wakaguna kutwa nzima, wakiuliza daraja liko wapi. Hakuna anayewajibu. Mwishowe njaa humsukuma mmoja akaruka, na wengine, kwa mazoea yao yaleyale, wakamfuata, na Mamba akachukua chake. Tembo naye huvuka palepale mchana kweupe, na watoto wake wote nyuma yake, na Mamba hainui hata kichwa.