Mtu Juu ya Paa la Mashine

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani hii hii ya juzi, palikuwa na mwanamke aitwaye Asumini. Alikuwa na mimba kubwa, na mumewe Likwata alimpenda kupita kiasi. Kaeni vizuri, maana hadithi hii imenishinda hata mimi.

Siku moja malaria ilimpanda Likwata kichwani. Akatoka mbio na panga, akakwea paa la mashine ya kusaga, akipiga kelele kwamba wanawake waliomo ndani wanataka kumwibia mtoto wake tumboni mwa mkewe. Wanawake, waliokuja kusaga mahindi tu, maskini, wakajifungia. Naye akaanza kung'oa bati awafuate.

Polisi wawili wakafika. Sajini Mchopa alikuwa na bunduki ya risasi. Konstebo Nasoro alikuwa na bunduki ya shoti, ile inayorusha vishale viwili vya umeme. Vikikupata unakakamaa, unaanguka.

Sajini akalenga. "Bati hilo likitoka, napiga."

"Afande, niachie mimi," akasema Nasoro. "Lakini tulifundishwa: usimpige aliye juu, atavunjika shingo. Na usimpige mwenye ugonjwa wa moyo, huenda asiamke."

Mpokwa, mwenye mashine, alisikia hilo la shingo. Akaburuta magunia ya pumba mpaka chini ya ukingo wa paa, akayapasua, akamwaga, akapasua, akamwaga. Likwata akamrushia kipande cha mbao, kikampata begani. Mpokwa hakuacha.

Nasoro akamgeukia Asumini, aliyekuwa amemfuata mumewe mbio mpaka pale. "Dada, mumeo ana ugonjwa wa moyo?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Likwata alikuwa nao tangu utotoni, na pale mjini aliyejua ni mkewe peke yake. Asumini aliitazama bunduki ya Sajini. Akaogopa mpaka mtoto akacheza tumboni.

"Hana," akasema. "Mzima kabisa."

Akasogea hadi penye pumba, akaita, "Baba watoto, njoo huku, nipo hapa!" Likwata akaja ukingoni. Shoti ikalia. Akakakamaa, akaporomoka, akatua kwenye pumba, hata kidole hakikuvunjika. Lakini hapumui.

Sajini akaweka bunduki chini, akapiga magoti, akamkandamiza kifua. Akakandamiza, akakandamiza, jasho linamtiririka, mpaka Likwata akakohoa. Asumini akaangua kilio.

Homa ikaisha, mtoto wa kike akazaliwa. Likwata akatangaza, "Aliyeniokoa ndiye atakayempa binti yangu jina." Wakaja watatu, kila mmoja na jina lake mdomoni.

Mpokwa akasema, "Jina nalitoa mimi. Bila pumba zangu, ungetua kwenye mawe."

Sajini akasema, "Jina nalitoa mimi. Ulikuwa umekufa, nikakurudisha kwa mikono hii."

Nasoro akasema, "Jina nalitoa mimi. Bila shoti yangu, Afande angekutoboa." Kisha akamgeukia Asumini. "Ila dada, kuna kitu kinanisumbua. Daktari aliyempima anasema moyo wa mumeo ni mbovu siku nyingi. Mimi si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Kwa nini ukaniambia mzima?"

"Ungejua ukweli, ungefyatua?"

"Nisingefyatua."

"Na wewe, Afande? Kama yeye asingefyatua?"

Sajini akainamisha kichwa. "Ningepiga risasi."

"Basi kumbe jina nalitoa mimi," akasema Asumini.

Likwata akamgeukia mkewe. Ilimuuma, na hakuficha. "Kwa hiyo ulibahatisha na roho yangu?"

"Nilibahatisha, mume wangu. Risasi ya Afande isingebahatisha."

 Likwata hajaamua mpaka leo, na mtoto yuko mapajani kwa mama yake, analia, hana jina la kubembelezewa.

Na msiniambie wote wanne, mtoto habebi majina manne. Je, nani alistahili kumpa jina: aliyemwaga pumba, aliyefyatua shoti, aliyemrudishia pumzi, au huyu aliyesema uongo?