Siwa ya Rewani na Ukili wa Haramia

Sogeeni karibu, na wa nyuma nao wasikie. Hadithi ya leo nitawafikisha mpaka mlangoni. Kuingia ndani mtaingia wenyewe.

Katika kisiwa kimoja, mjini Rewani, walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Mwanatumu alisuka mikeka. Akiushika ukili, yaani ule utepe mrefu wa majani ya mkindu unaoshonwa ukawa mkeka, vidole vyake vilijua kila ulikopitia. Ustadhi Famau alisoma maandishi ya kale ya herufi za Kiarabu, hata ya makaburi ambayo mvua imekwisha kula nukta za herufi zake. Na Mbwarahaji alichoma chokaa ya kujengea. Akionja udongo kwa ncha ya ulimi, hukwambia kama uliwahi kupitiwa na moto.

Siku hizo Rewani ulikuwa mji usio na sauti. Zamani ulikuwa na siwa, baragumu kubwa la shaba, na bibi harusi hakutoka nje mpaka aisikie siwa imelia. Kisha akaja haramia mmoja. Watu walimwita Kinyozi, kwa sababu mji alioshukia hakuuachia hata unywele. Alimkuta mlinzi wa siwa amelala, akaichukua. Lakini waliomfukuza walikuwa karibu, na siwa ilikuwa nzito. Akaificha palepale kisiwani, akakimbia. Baadaye, akiwa salama ng'ambo, akawapelekea watu wa mji ukili uliozungushwa, wenye herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto, na neno moja la kejeli: "Mkiitaka siwa yenu, someni!"

Wakasoma. Mababu wakasoma, wajukuu wakasoma, na herufi hazikushikana zikawa hata neno moja. Tangu hapo watu wa ng'ambo wakialikwa Rewani huuliza mlangoni, "Jamani, hapa pana harusi au matanga?"

Mwinyi Shali, mkuu wa mji, akachoka na dhihaka hiyo. Akatangaza: "Nyumba itakayoirudisha siwa, harusi yake ndiyo itakayopigiwa pumzi ya kwanza. Na nyumba yenye pumzi ya kwanza ndiyo itakayoitunza siwa, kizazi kwa kizazi. Hiyo ndiyo mila yetu, nami siibadilishi."

Bi Mwanatumu akaomba kuushika ule ukili. Watu wote walikuwa wakiutazama penye herufi. Yeye akaupapasa ukingoni.

"Huu uliwahi kushonwa," akasema. "Tundu za sindano hizi hapa. Na hapa ulikunjwa, na hapa tena. Kinyozi alishona mkeka kwanza, akaandika juu yake, kisha akaufumua."

"Sasa, Bi Mwanatumu," akauliza Mbwarahaji, "kitu kikishafumuliwa si kimeharibika?"

"Wewe kachome mawe yako, mwanangu. Mimi nileteeni sindano."

Akafuata tundu kwa tundu, kunjo kwa kunjo, mpaka mkeka ukarudi kama ulivyokuwa. Herufi zilizotawanyika zikakaa jirani, mstari baada ya mstari.

Lakini mistari yenyewe haikusomeka, maana Kinyozi hakutia nukta hata moja, na herufi nyingi bila nukta hufanana kama mapacha. Ustadhi Famau akauzunguka mkeka akinong'ona, akijaribu neno hili, akaliacha, akajaribu lile, kama afanyavyo makaburini.

"Ustadhi umezoea wafu," majirani wakamtania. "Wale ukikosea hawakukosoi!"

Akacheka, akaendelea kunong'ona. Ilipofika alasiri akasimama, akasoma kwa sauti: "Sauti yenu nimeilaza katika jiko lililopika nyumba zenu."

Watu wakatazamana. "Tangu lini nyumba ikapikwa?"

"Tangu zamani," akajibu Mbwarahaji. "Chokaa ya kuta zenu mnadhani ilitoka wapi? Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakawa unga. Jiko hilo ni tanuri ya chokaa."

Lakini tanuri za enzi ya Kinyozi zilikwisha kumezwa na vichaka, na hapakuwa na aliyejua zilipokuwa. Mbwarahaji akaingia vichakani. Akachota udongo, akaonja, akatema. Akasogea, akaonja, akatema. Watoto wakamfuata wakitema na wao. Mwishowe akaonja, asiteme. "Hapa," akasema. Wakachimba, na jembe likalia juu ya shaba.

Siwa ikarudi mjini kwa vigelegele. Vilipokoma, maneno yakaanza.

"Pumzi ya kwanza ni ya binti yangu," akasema Bi Mwanatumu. "Anaolewa Ijumaa. Harusi zote za mji huu watu hukalia mikeka yangu, na mimi hukaa huko nyuma kwenye masufuria. Bila mkono wangu, mngesoma nini?"

"Mama yangu, mkeka usio na msomaji ni wa kulalia tu," akasema Ustadhi Famau. "Mimi nami naoa Ijumaa. Miaka yote hii tangu nije kutoka bara, bado mnaniita mgeni. Nyumba inayotunza siwa haiitwi nyumba ya mgeni."

Mbwarahaji akajikohoza. "Ustadhi, ungesoma mpaka ndevu zikaguse mkeka, siwa ingebaki chini ya mizizi. Tena mnajua wote, yule mlinzi aliyelala ni wa ukoo wangu. Mpaka leo mwanangu akipiga mwayo, wenzake humwambia, 'Lala, ndiyo kazi ya kwenu.' Anaoa Ijumaa hiyohiyo. Nataka aoe ameinua uso."

"Si wapigiwe wote!" mtu akapaza sauti.

"Watapigiwa wote," akasema Mwinyi Shali. "Lakini pumzi ya kwanza ni moja. Ya pili ni ya pili, na siwa hailali nyumba tatu."

Basi, leo ndiyo Ijumaa. Nyumba tatu zimepambwa, na katika kila moja watu wametega masikio. Mpiga siwa amepanda barazani. Amekwisha kuvuta pumzi, mashavu yamejaa, macho yanamtoka. Mwinyi Shali ametazama nyumba hii, akatazama ile, akatazama na ile. Sasa anawatazama nyinyi.

Haya wanangu, mngeamuaje? Siwa ielekezwe nyumba ya nani? Atakayetaja jina ataje na sababu. Lakini msikawie, maana mwenzenu bado amebana pumzi.