Ufa wa Fundi Timazi

Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, yaani dogo lisiposhughulikiwa huzaa kubwa. Ila hawakutuambia ufa huzibwaje. Hilo waliwaachia waashi.

Palikuwa na mwashi mmoja, msimamizi wa wenzake, aliyeitwa Timazi, jina la uzi wa waashi wa kupimia wima, kwa jinsi kuta zake zilivyosimama wima kama askari wa gwaride. Tangu amzike pacha wake, usingizi ulimpaa na chakula alikionja tu. Mara mbili alijificha nyuma ya mifuko ya saruji akalia, kisha akanawa uso na kutoka akipiga mluzi. Mkewe alipomtajia daktari wa akili, fundi alikuwa mkali kama pilipili.

"Unataka waniite chizi? Nani atapanda jukwaa nililolifunga mimi?"

Jumamosi moja alijenga kozi tano za matofali, akateremsha uzi wake wa kupimia. Lahaula! Ukuta ulikuwa umeinama. Mwashi mwenzake, aliyebandikwa jina la Domo kwa wingi wa maneno, akaangua kicheko.

"Jamani, leo timazi imelewa!"

"Plasta itafunika," fundi alijibu, kisha akajishtukia. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwafukuza watu kazini kwa maneno hayohayo.

Kesho yake, nyumbani, alishika nyundo na tindo ili azibe ufa wa sebuleni. Akaupasua hadi ukapitisha vidole viwili.

"Heh! Baba watoto, nimesema uuzibe, si uupanue!"

"Ukiupaka juu juu, mama, mwezi hauishi unafunguka tena. Unachimbua kwanza mpaka ufike palipo pazima. Ndipo unaosha, ndipo unaziba."

Mkewe alikung'uta vumbi lililomtua kwenye kanga.

"Sasa wewe, mume wangu, mbona umejipiga plasta?"

Tindo ilisimama. Fundi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalitaja jina la pacha wake, na kwa mara ya kwanza akalia mbele ya mtu. Mkewe hakumwambia anyamaze.

Jumatatu aliubomoa ule ukuta kwa mikono yake, wote wakitazama. Alipomaliza, alisimama juu ya kifusi.

"Ukuta huu niliupinda kwa kuwa naumwa, na maradhi yenyewe ni huzuni. Alhamisi siji, naenda kwa daktari wa akili. Wa kucheka acheke sasa, kazi inangoja."

"Kumbe bosi ana faili la vichaa!" Domo alidakia.

"Nitakuwa nalo, tena nitalibeba mwenyewe. Wewe la kwako anakubebea nani?"

Kicheko kikalipuka, lakini aliyechekwa hakuwa fundi.

Alhamisi zikafuatana. Hospitalini hakufungwa kamba wala kuzomewa. Alipewa kiti, dawa na sikio. Usingizi ukarudi kidogo kidogo, kama mgeni mwenye haya. Na ukuta ukapanda upya, kozi kwa kozi, hadi siku uzi ulipoteremshwa mbele ya wote ukalala juu yake bila kuacha mwanya.

Jioni hiyo Domo alibaki nyuma, akiosha mwiko uleule mara ya tatu.

"Fundi... huko kwenu Alhamisi, wanampokea hata asiyefiwa?"

"Wanampokea."

"Basi unipitie."

Timazi aliondoka kifua mbele, kama mtu aliyekabidhi ghorofa kumi. Kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na fundi hasa haogopi kuufungua kwanza.